Nywele za Kocha Coombs

Jumatatu, 14 Septemba 1896

Wamekuja. Kumi na wanne! Niliambiwa kumi na mmoja. Hao watatu ni wa akiba, anasema mume wangu Merritt, kocha wao. Sawa, lakini wa akiba nao wana matumbo.

Basi ndiyo hivyo, mpaka Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, timu nzima ya mpira ya chuo itakula kwangu. Nyama ya ng'ombe iliyopita karibu na moto tu. Mkate wa kubanika. Uji wa shayiri. Pai marufuku, kahawa marufuku, maji kidogo kidogo kama dawa ya kikohozi. Hizi ni sheria alizotoka nazo Merritt kwenye chuo alichosoma, majimbo ya Mashariki, na anazishika kuliko Amri Kumi.

Pruitt, yule mkubwa anayesimama katikati ya mstari, aliigeuza nyama kwa uma akaniuliza, "Bi Coombs, hii umeipika au umeitishia tu?" Nahodha wao, Ostergaard, mtoto wa Wadenishi wa mashamba ya juu, akamjibu kabla yangu: "Kula, ghala we, kabla hujaanza kutafuna sahani." Wakacheka wote. Nami nikacheka. Nyumba hii haikuwa imecheka tangu tuhamie.

Nao ni msimu wa mwisho. Tumekubaliana. Januari tunakwenda Toledo kwa kaka yangu Willard, kwenye duka lake la mbao, na Merritt atakuwa karani. Chuo cha kwanza kilikuwa Ohio, cha pili Indiana, na sasa hiki cha hapa Nebraska, ambako upepo haujui pa kupumzikia. Kila mahali tunafika na vuli, kila mahali tunafunga sanduku kabla sijajuana na majirani. Nimechoka. Nilimwambia hivyo Julai, akasema, sawa, Gussie, huu mmoja tu. Alikuwa anafunga kamba za kiatu. Hakuinua kichwa.

Jumamosi, 26 Septemba

Leo ilikuwa siku ya kumkata nywele. Nilitandika shuka, nikaweka kiti karibu na jiko, mkasi tayari. Akaja, akalitazama lile shuka kama ng'ombe anavyotazama daraja. Wiki ijayo, akasema.

Vijana wote wanafuga. Toka Juni hawajaguswa na kinyozi. Wanasema nywele ndiyo kofia yao, zinapunguza pigo la kichwa wanapogongana. Tibbets, yule mkimbiaji wao, zake zimemfunika masikio. Ukimwona kwa nyuma utadhani ni shangazi wa mtu. Zote zitakatwa siku moja baada ya mechi ya Shukrani, kwa kinyozi mmoja, kwa foleni, na mji mzima utasimama dirishani kuyacheka masikio yao meupe.

Hao ni wachezaji. Kocha anafugia nini? Kazi yake ni kukaa benchi. Nilimwuliza. Akasema kocha naye afanane na vijana wake. Nikakunja shuka.

Jumatano, 7 Oktoba

Mvua. Magunzi ya mahindi yameloa, jiko linatoa moshi, macho yananiuma.

Nimeshona vishikio vya ngozi kwenye suruali ya Tibbets, kimoja kila upande wa nyonga, kama vya sanduku la safari. Akipewa mpira, wenzake wanamshika hapo na kumburuta mbele, na ukuta wa watu ukigoma, wanamrusha juu yake kama gunia. Wanauita mpira wa miguu, na huo mguu hauugusi mpira ila kwa nadra! Mchezo wenyewe ni kuubeba kifuani na kutafuta pa kupita.

Merritt alikishika kishikio kimoja, akakivuta kuona kama kitang'oka. Zamani sisi hatukuburutwa, akasema. Tulikimbia. Kisha akabaki ameshika suruali ya mtoto wa watu.

Na kweli alikimbia. Novemba ya mwaka 1890 nilipelekwa na binamu yangu kuangalia mechi, mimi nikiwa nimekwenda kwa ajili ya kofia yangu mpya tu. Nikamwona. Kila mtu uwanjani alikuwa anapigana, huyu mmoja alikuwa kama anasikia muziki. Nilirudi nyumbani bila sauti. Kofia sikumbuki niliiacha wapi.

Mwaka uliofuata, kiatu cha mtu kilimpiga kichwani akiwa chini. Jicho lake la kushoto lipo bado, zuri, la kijivu, wala huwezi kujua, lakini halioni kitu. Hapa hakuna ajuaye. Vijana wanamtania kwamba anageuza kichwa kama bundi. Wacha watanie. Daktari wa Cleveland alisema pigo jingine zito la kichwa, na la kulia litamfuata mwenzake. Siku moja kabla ya harusi, sebuleni kwa baba, Merritt aliniahidi kwamba hatacheza tena maishani. Ndipo akaingia kwenye ukocha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, baba alisema, na kila mtu akaitikia kwa furaha, isipokuwa aliyevunjikiwa.

Jumamosi, 17 Oktoba

Tumeshinda! Kumi kwa bila. Pruitt amekula mkate mzima peke yake na kuniomba pai kwa macho.

Sikuutazama mchezo. Nilimtazama yeye. Sheria ni kwamba mechi ikianza kocha hana ruhusa ya kusema neno. Si neno, si ishara ya mkono. Nahodha ndiye mwenye timu. Kocha anakaa benchi kama mgeni msibani. Merritt alikaa hivyo, mikono ndani ya koti, uso umetulia kama wa mtu aliyepo kanisani. Lakini mguu wake wa kulia, chini ya benchi, ulikuwa unakimbia. Ulikimbia mechi nzima. Nina hakika hajui.

Jioni nikamwuliza kama amefurahi. Akasema vijana wamefurahi.

Wake wengine wana wivu na waimbaji wa kwaya. Mimi nina mke mwenza wa ngozi, mnene kama tikiti, na ubaya wake hazeeki.

Jumapili, 18 Oktoba

Baada ya ibada Bi Fenn, mke wa mchungaji, alinishika mkono penye ngazi. Ana ulimi, lakini ulimi wake hauna sumu. "Hebu niambie, mwenzangu," akasema, "huyo mumeo na nywele hizo, anataka kucheza au anataka kuwa nabii? Kama ni unabii aje amsaidie mume wangu, mahubiri yamemwishia."

Nikacheka. Nikacheka mpaka nilipofika kwenye lango letu, ndipo kicheko kikanikauka.

Indiana hakufuga. Ohio hakufuga. Huko kote nilimkata kila baada ya wiki mbili, na alikaa kimya chini ya mkasi kama mtu mwingine yeyote. Mwaka huu ndio wa mwisho, na mwaka huu anafuga.

Mungu wangu, na mimi nilikuwa nalaumu shuka!

Jumanne, 20 Oktoba

Nimeacha mkasi mezani, karibu na kikombe chake. Amekunywa akamaliza. Amenibusu shavuni. Mkasi uko palepale.

Jumanne, 3 Novemba

Siku ya uchaguzi. Wanaume wamekwenda kupiga kura na kutukanana juu ya sarafu, iwe ya dhahabu au ya fedha. Sisi wanawake tumebaki na maoni yetu.

Merritt alirudi adhuhuri na tope mpaka magotini. Nyumba ilikuwa tupu, vijana wote mjini. Nikaona ni leo.

"Merritt, nywele za nini?"

"Baridi."

"Usinifanye mtoto."

Akakaa. Alikaa upande ule wa meza anaokaa siku zote, ili niwe kulia kwake. "Sitacheza, Gussie. Nilikuahidi."

"Basi vizuri. Kaa hapo hapo nilete mkasi."

Akazipapasa kwa vidole. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayeomba kitu dukani bila kujua kama kipo, "Niache nizifuge tu. Asubuhi nikiamka nikazikuta machoni, nasahau. Kwa kitambo kidogo nadhani nina miaka ishirini na mbili, na Jumamosi kuna mechi. Kisha nakumbuka. Lakini kitambo hicho, Gussie, usinikate hicho."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Nilitaka kumkumbatia. Nikakoroga uji, ambao haukuhitaji kukorogwa.

Naandika haya naye amekwenda uwanjani tena. Hakuna mazoezi leo. Amekwenda kusimama tu.

Jumamosi, 14 Novemba

Sikuenda mechi, kichwa kilikuwa kinauma. Sare. Hiyo si habari. Habari ni iliyokuja mlangoni saa ya chai.

Ostergaard, kofia mkononi. Nyuma yake Pruitt akimsukuma kwa tumbo. Nyuma ya Pruitt, wengine kadhaa wakijifanya wanaangalia kuku wangu.

Maneno yao, kwa kifupi: mechi ya Shukrani ni dhidi ya chuo cha Marlow. Marlow wamemwingiza mhunzi wa mji wao, mtu mzima mwenye watoto wanne na shingo kama gogo, eti amejiandikisha kusoma Kilatini. Huku kwetu majimbo ya Magharibi ni jambo la kawaida. Manahodha wanakutana, wanakubaliana nani acheze, basi. Ostergaard amekutana na mwenzake. Marlow wamesema haya, sisi tuna mhunzi wetu, nyinyi mchezesheni kocha wenu, ngoma droo.

"Na Kocha amekataa," akasema Ostergaard. "Anasema ana sababu, na sababu hasemi."

"Sisi tunaijua," akadakia Pruitt. "Sababu imeshika birika, Bi Coombs."

"Nyamaza we!" Ostergaard akawa mwekundu mpaka mizizi ya zile nywele zake. "Hatuna ubaya, Bi Coombs. Tunaomba tu. Tuazime mumeo alasiri moja. Mazoezini akishika mpira kutuonyesha jambo, hatua mbili tatu tu, sisi sote tunasimama. Hatujawahi kuona mtu anakwenda vile. Inasikitisha kumweka benchi."

Wanamwona! Hilo ndilo lililonichoma. Nilidhani ni mimi peke yangu nimwonaye.

Nikawaambia nitafikiri. Wakaondoka wakinishukuru kana kwamba nimekubali. Basi mimi ndiye mchawi wa hadithi, ninayemfungia mtu jikoni. Na yeye ameniacha niitwe hivyo kuliko kutaja jicho lake.

Jumapili, 15 Novemba

Neno moja tu. Nikimwambia Ostergaard, haoni upande wa kushoto, mambo yamekwisha. Hakuna kijana pale atakayemruhusu aguse mpira.

Alikuja mchana kunichanjia kuni bila kuombwa, ndiyo tabia yake. Nikatoka na shali. Nikasimama. Akaweka shoka chini, akaningoja niseme.

"Lars," nikasema. Sijawahi kumwita kwa jina lake.

"Naam, Bi Coombs."

Nikaona litakavyokuwa. Uso wake mpana ule utaingia huruma. Kesho watamsogezea Merritt viti asije akajikwaa. Watamshika kiwiko kwenye ngazi. Watazungumza taratibu kidogo, kama watu wazungumzavyo na wazee. Bora nimvunje mguu kwa mkono wangu.

"Zilizochanjwa zinatosha," nikasema. "Ingia upate maziwa."

Jumanne, 24 Novemba

Theluji ya kwanza, kidogo tu, imekaa juu ya mabua shambani. Nimekwenda mazoezini nikijifanya nimewapelekea glavu walizosahau.

Walikuwa wanarushiana mpira kupasha mwili. Merritt alisimama katikati akimweleza Tibbets jambo kwa mikono. Mtu akamrushia mpira kutoka kushoto, kwa utani, akiita "Kocha!" Ukampiga sikioni. Hakuinua hata mkono. Akageuka, akaangalia chini kuutafuta, na vijana wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka, akaokota, akafuta theluji kwenye ngozi ya mpira kwa mkono wa koti. Kicheko chake kilikuwa kizuri sana. Mtu yeyote angedanganyika.

 Nilishika kamba ya uwanja.

Tibbets yuko mzima, ana mbio, ana vishikio vyangu. Tibbets atacheza. Narudia hilo ninapokanda unga.

Jumatano, 25 Novemba

Pai nane za maboga zimepoa dirishani. Pruitt amepita nje ya dirisha hilo mara nyingi kuliko safari za posta zinavyohitaji.

Jioni Merritt aliniomba nimwoshe nywele. Kesho picha ya timu itapigwa kabla ya mechi, na kocha yumo. Nikachemsha maji, akainama kwenye beseni, nikampaka sabuni. Zimekuwa nzito. Zimejikunja nyuma ya shingo, vilevile kama zilivyokuwa siku ile nilipopoteza kofia. Nilizisuuza polepole kuliko inavyotakiwa. Alikuwa amefumba macho yote mawili, na maji yakimtiririka, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaja kesho.

Naomba niandike ukweli hapa, maana hakuna mwingine atakayeusoma. Nilimwomba ahadi ile ili nimpate mzima, nikampata. Ana adabu, hanywi, ananikatia kuni, ananisomea gazeti. Miaka minne nimelala karibu naye, na kila siku ya miaka hiyo nimemkosa. Yule niliyempenda aliachwa uwanjani kule Mashariki na mimi ndiye niliyemfungia lango. Ninamtamani. Namtamani kama mtu aliye ng'ambo ya bahari, na huyu hapa anakausha kichwa kwa taulo langu.

Kesho kutwa masikio meupe. Januari, mbao.

Alhamisi, 26 Novemba, Sikukuu ya Shukrani

Naandika ndani ya gari la farasi la akina Fenn, kando ya uwanja, penseli, vidole vimekufa ganzi. Nimeleta shajara kwa sababu nisipoipa mikono kazi nitararua blanketi. Mikono ikiwa ndani ya mfuko wa manyoya wa kuikinga baridi, hakuna anayeuliza ninafanya nini. Bi Fenn anadhani naandika orodha ya wageni wa chakula.

Watu! Magari mpaka nyuma ya kanisa. Marlow wamekuja na tarumbeta. Mhunzi wao ni kweli, si uvumi. Ana ndevu. Alipovua koti watu wetu walisema "Mama yangu!" kwa sauti moja.

Kipindi cha kwanza kimekwisha. Marlow nne, sisi bila.

Karibu na mwisho wake walimwangukia Tibbets, watu kama sita, mhunzi akiwa juu. Walipoinuka yeye hakuinuka. Bega. Nimesikia mlio huo kutoka hapa, au nimedhani nimesikia. Wameng'oa mlango wa ghala, wakamlaza juu yake, wakamtoa. Na akitoka harudi, hiyo nayo sheria. Wa akiba wake ni Ellery, mtoto wa mwenye duka la dawa, moyo wa simba na uzito wa kuku. Watamvunja. Kila mtu hapa anajua watamvunja. Mama yake yuko magari mawili kutoka kwetu, ameshika mwavuli ingawa hakuna mvua wala jua.

Mapumziko. Vijana wamekaa chini wamejifunika mablanketi, wanatoa mvuke kama farasi. Merritt amewapita. Anakuja huku.

Baadaye kidogo. Niandike haraka.

Alisimama penye gurudumu. Hakuomba. Laiti angeomba! Ningesema hapana na nikalala usingizi mzuri. Alisema tu, "Itabidi Ellery aingie." Kisha akageuza kichwa chote, anavyofanya, akautazama uwanja. Sijui niuelezeje uso ule. Ulikuwa wa mtu aliyesimama nje ya nyumba yake mwenyewe na funguo hana.

Hajawahi kunitazama mimi hivyo. Na sikuwa na wivu, la ajabu. Nilikuwa na njaa ileile.

"Vua koti," nikasema.

"Gussie."

"Vua kabla sijapata akili."

"Nilikuahidi."

"Uliniahidi mimi. Si daktari, si baba. Mimi. Na mimi ndiye ninayekuachilia."

Bi Fenn akauliza kuna nini.  Merritt alinitazama. Kisha akavua. Chini yake alikuwa na sweta ya mazoezi, kama siku zote. Akaliweka koti magotini mwangu, akalilainisha kwa kiganja kana kwamba ni mtoto anayemlaza. Akaondoka. Hatua ya tatu hivi akaanza kukimbia.

Vijana walipomwona anakuja vile waliinuka wote, mablanketi yakaanguka. Pruitt alipiga ukelele uliomtisha farasi wetu. Mama yake Ellery analia kwa shukrani. Ananipungia mkono! Mimi! Ningependa kumtupia mwavuli wake.

Nimefanya nini?

Filimbi. Wameanza. Sitazami. Naandika. Bi Fenn atanisimulia, hata nikimkataza atanisimulia.

Anasema Marlow wanao mpira. Anasema wamesukuma kidogo. Wamesukuma tena. Anasema Pruitt ameketi juu ya mtu. Mume wangu amesimama nyuma, mikono magotini. Anasema Marlow wamepoteza mpira, umetoka mikononi, Ostergaard ameulalia. Wetu! Tarumbeta zimenyamaza.

Anasema wamepanga mstari. Anasema Ostergaard anamwelekeza Merritt jambo, na Merritt ametikisa kichwa. Hataki kuburutwa. Najua bila kuangalia.

Amepewa, anasema Bi Fenn. Amepewa! Amenishika mkono, penseli imeruka. Anatoka nje ya rundo la watu, anasema, peke yake, tazama mwenzangu, jamani, mbona hutazami? Watu wamesimama juu ya magari. Gari letu linatikisika. Hakuna anayepiga kelele, wote wamevuta pumzi. Anacheka, anasema. Mumeo anakimbia huku anacheka.

Yule mhunzi anakuja mbio kumkata, anasema, upande wa kushoto, lakini usiwe na wasiwasi, mumeo atamwona tu.

Naweka penseli. Nataka nimtazame anavyokimbia, hata kama ni mara ya mwisho.